Mama Pindo, Mshonaji wa Gauni za Wagonjwa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mtunza bohari na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958, kisha chuo cha ushonaji, akahitimu Novemba 1968. Huko ndiko alikobandikwa jina la Mama Pindo, angali msichana, kwa sababu pindo likienda kombo hata kidogo alilifumua lote na kuanza upya, wenzake wakiwa wameshakwenda kula.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali. Desemba 1973 alifunga ndoa na fundi bomba wa hospitali hiyohiyo, aliyekuja kuziba bomba lililovuja juu ya cherehani yake, akarudi mara tatu kulikagua ilhali lilikuwa kavu kabisa. Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alitangulia mwaka 2009.

Kwa miaka kumi na saba marehemu alishona gauni za wagonjwa kwa mtindo alioukuta: wazi mgongoni, kamba mbili shingoni. Mei 1987 muuguzi alimwita wodi namba nne. Dereva mmoja mstaafu, aliyepasuliwa nyonga, alikuwa amegoma kushuka kitandani. Daktari alitaka atembee koridoni, naye akasema hatapita mbele ya wakwe zake waliokuja kumwona makalio nje.

"Mzee, hapa ni hospitali, si harusini," marehemu alimwambia, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Mwanangu, wewe umewahi kulivaa?"

Marehemu alirudi kwenye cherehani yake. Siku ya sita mzee akafariki. Damu ilikuwa imeganda mguuni kwa kulala tu, ikapanda mapafuni. Gauni lake lililetwa lirekebishwe. Mzee alikuwa amezing'oa kamba za shingoni akijaribu kuzifunga kiunoni.

Marehemu alifunga mlango, akalivaa, akatoka nalo hadi dirisha la dawa na kurudi. Alikuja kuwasimulia wanawe kwamba hakupiga hatua hata moja bila mkono mgongoni.

Tangu hapo hakushika mkasi kabla ya kuuliza. Alikaa kando ya vitanda na daftari, akatazama jinsi mikono yenye dripu inavyohangaika na kamba, akawauliza wauguzi wanahitaji kufikia wapi mwilini mwa mgonjwa. Alishona majaribio kwa shuka kuukuu, akawapa wagonjwa wavae na wakosoe. La kwanza lilisitiri vizuri, ila halikuvulika mkono ukiwa na dripu. La tatu alilipenda mno, mpaka mama mmoja aliyetoka kujifungua alipomwambia, "Zuri, shoga, lakini mtoto atanyonya wapi?" Akalifumua. La nane, lenye kupishana ubavuni na kufunguka mabegani, ndilo hospitali ililolikubali Februari 1989.

Alistaafu mwaka 2006. Hospitali ilipomwandalia cheti cha sifa, hakwenda. "Cheti cha nini?" alisema. "Cha kumcheka mtu?"

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wanawe walihamishia kitanda chake sebuleni ili wageni wamwone kwa urahisi. Hakuna aliyemwuliza. Alivumilia wiki nzima, shuka hadi kidevuni. Binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alipomwuliza anaumwa wapi, alisema, "Siumwi. Naona haya, mwanangu." Kitanda kilirudishwa chumbani siku ileile. Aibu ya wiki ile imebaki kwa wanawe.

"Siku mkinizika," aliwaambia, "msilitaje gauni bila kumtaja yule mzee. Mseme nilimcheka." Alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wakwe watatu, wajukuu saba, na mdogo wake wa kike. Familia ya dereva aliitafuta miaka mingi asiipate. Kama yupo hapa yeyote wa ukoo huo, marehemu ameagiza aombwe radhi, na wanawe wanaomba mbele yenu nyote.

Apumzike, na Mungu awasitiri wote wawili.