Mama Kocha na Wasichana Tisa

Wafiwa wenzangu, ndugu wa damu na ndugu wa uwanjani. Mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu, mdogo wake marehemu, na wachezaji wake wananiita Mjomba tangu nilipowashonea jezi za kwanza. Familia imenikabidhi kazi ya kuwaeleza aliishije mtu tuliyemsindikiza hapa leo. Mwenyewe aliniagiza nisiseme marefu, wala nisimpambe. "Ukinipamba," alisema, "watadhani wamekosea msiba." Nitajitahidi kumtii, angalau hilo la pili.

Dada yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana ya injini. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu, aliyekuwa mwongoza ishara za treni, na mama yetu, mkunga wa zahanati ya reli. Mama alikuwa akisimulia kwamba mkunga mwenzake aliyempokea mtoto alimtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu ni mdogo mno, tumwombee." Mama akamjibu, "Wewe mwombee, mimi nitamnyonyesha." Mtoto akashika. Ila umbo lake lilibaki dogo maisha yote. Hadi anastaafu alikuwa akinunua viatu vyake upande wa watoto wa shule, na akituringia kwamba ndivyo vinavyodumu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya reli, na mwaka 1972 akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni. Huko ndiko alikokutana na mpira wa kikapu. Mwalimu wa michezo alimpima kwa jicho moja tu, akamwambia akae mezani awe anahesabu pointi. Akakaa mwaka mzima, na pale mezani akausoma mchezo. Aliona jinsi wachezaji warefu wasivyopenda kuinama, na jinsi mpira unaodundwa chini kabisa unavyowapita wakiwa bado wanaufikiria. Siku moja mchezaji wa timu ya shule alilazwa na homa, na mwenzake akateguka mguu mechi ikiendelea. Mwalimu aligeukia benchi, akakuta hakuna mtu. Dada akasimama, akampa kalamu aliyekuwa jirani yake, akaingia uwanjani na sketi ya shule. Hakurudi tena mezani. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1977, na mwaka 1980 akahitimu ualimu wa jiografia.

Kwa miaka kumi alifundisha sekondari ya mchanganyiko, na kila jioni akawa na timu ya wasichana. Ni katika kazi hiyo alipompata shemeji yetu, na namna walivyopatana lazima niiseme, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na toleo lake. Shemeji alikuwa refa. Katika mechi moja ya mwaka 1984 alimwadhibu dada kwa kuingia uwanjani bila ruhusa, kisha akamtoa kabisa nje ya uzio. Mechi ilipokwisha alimfuata kumwomba radhi, maana aliona amezidisha.

"Hukukosea," dada alimwambia. "Ila umechelewa. Nilikuwa nimeingia mara mbili kabla hujaniona."

Shemeji anasema hapo ndipo alipojua yuko matatani. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, na tangu siku hiyo shemeji hakupuliza tena filimbi katika mechi yoyote ya timu ya mkewe, ingawa aliwahi kuitwa kuchezesha mechi kubwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana. Wote wawili ni warefu, wote wawili hawapendi michezo. Dada alilisema jambo hilo kwa masikitiko ambayo sijui kama yalikuwa ya utani.

Mwaka 1990 alihamishiwa chuo cha ualimu, pale alipofanyia kazi hadi mwisho. Timu ya kikapu ya wasichana ilikuwepo kwa jina. Uwanja wake ulikuwa sakafu ya saruji yenye ufa katikati, upande mmoja jiko la chuo, upande wa pili dobi. Kati ya nguzo mbili za magoli ilifungwa kamba, na juu ya kamba yalianikwa mashuka ya mabweni. Siku ya kwanza dada aliyaanua yote, akayakunja, akayapeleka kwa matroni. Matroni akaja juu.

"Mwalimu, nani amekuruhusu kugusa mashuka yangu?"

"Hakuna. Lakini nimeyakunja vizuri. Na kesho nitayakunja tena."

Alifanya hivyo kila jioni, kwa adabu zote, mpaka matroni mwenyewe akaomba kamba ihamishwe. Yuko hapa leo, anacheka. Ndiye aliyekuja kuwa msafiri wa kudumu wa timu na mshika maji wao.

Naomba sasa nifike mwaka 1998, kwa sababu najua wengi mnaungoja.

Kwa miaka minane timu ya Mama Kocha ilikwenda mashindano ya taifa ya vyuo na kurudi mapema. Vyuo vingine vilipopangiwa kucheza nao vilipumzisha wachezaji wao wazuri. Mwaka huo mkuu wa chuo alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba nafasi ya uwanja inahitajika kujengwa bweni. Waende mashindanoni safari hiyo, wakirudi michezo iishe. Dada alimuuliza swali moja: "Na tukirudi na kombe?" Mkuu alicheka, si kwa ubaya. Akasema wakirudi na kombe atajenga bweni kwingine. Dada akamshukuru, akatoka, akaenda mazoezini. Wachezaji hakuwaambia neno. Alinieleza baadaye kwamba watoto wale walikuwa na mpira wa kubeba, hakutaka wabebe na jengo.

Walikwenda wasichana tisa. Ukumbi wa mashindano ulikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa mpaka unajiona sura, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kitu kama hicho. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, waliyemwita Kisoda, aliuliza kama wavue viatu mlangoni. Watu wa timu nyingine walicheka. Dada akamjibu kana kwamba ni swali la maana: "Vaa, ila ukanyage kama umelipia."

Walishinda mechi ya kwanza kwa sababu walidharauliwa. Walishinda ya pili kwa sababu hawakuchoka. Nusu fainali waliishinda kwa shida, na waliilipia, maana yule msichana mrefu wa timu, Mnara, ambaye nusu ya pointi zao zilipitia mikononi mwake, aliangukia goti.

Fainali ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Septemba, dhidi ya chuo kikuu kilichokuwa kimezoea kombe hilo kama mtu alivyozoea mlango wa nyumbani kwake. Hadi mapumziko walikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea jezi zilizochanika. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, chumba chembamba chenye benchi moja na bomba linalovuja, na niliyasikia haya kwa masikio yangu.

Mnara alikuwa amekaa sakafuni, goti limevimba. Alisema, "Mama, yule daktari wa mashindano ana sindano ya maumivu. Anasema akinichoma nitacheza."

"Amesema utacheza. Hakusema utatembea kesho."

"Mama, tutafungwa."

"Basi tutafungwa," dada alisema. "Goti hilo utalihitaji ukiwa na wajukuu. Kombe hata pa kuliweka huna."

Mnara alianza kulia. Wengine waliinamisha vichwa. Nilidhani mambo yameishia hapo, na nadhani hata matroni alidhani hivyo, maana alianza kukusanya chupa. Dada hakupaza sauti. Alimuuliza nahodha, "Mmechoka?"

"Tumechoka, Mama."

"Na wao?"

Nahodha alifikiri. "Yule namba saba anashika kiuno. Lakini wana wa kubadilisha."

"Wa kubadilisha hawajacheza mwaka mzima, kwa sababu hawa hawajawahi kuhitaji msaada. Nataka tuwakabe kuanzia chini ya goli lao wenyewe. Kila mpira. Wasipate hata pumzi ya kuutoa. Mtaumia, nawaambia kabisa. Lakini mmekimbia kwenye moshi wa jiko miaka yote, hapa hewa ni safi." Kisha akamgeukia Kisoda, aliyekuwa amejikunja pembeni na machozi yanamtiririka. "Wewe unaingia nafasi ya Mnara."

Hata mimi niliguna. Kisoda alikuwa anamfikia Mnara begani.

Kipindi cha pili wasichana wale walikaba kama watu wanaodai haki yao. Chuo kikuu kilianza kupoteza mipira, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa fujo. Kisoda alidunda mpira chini kabisa, akapita chini ya mikono ya watu, akafunga, akaanguka, akainuka. Wakabaki nyuma kwa nne, kwa tatu, kwa moja. Mpira wa mwisho ulimfikia Kisoda akiwa pembeni mwa uwanja. Alirusha, ukagonga chuma, ukarudi. Nahodha wa dada akaudaka, akaurudisha kwa Kisoda badala ya kurusha mwenyewe. Kisoda akarusha tena, ukaingia. Hamsini na mbili kwa hamsini na moja.

Dada hakuruka. Alikwenda kwanza benchi, akamshika Mnara chini ya kwapa, akamsaidia kusimama ili aone wenzake. Uwanja wa saruji upo hadi leo. Mkuu wa chuo alitimiza ahadi, na bweni lilijengwa ng'ambo ya maktaba.

Jambo linalosemwa mara chache ni kwamba timu yake haikuchukua kombe hilo tena. Aliendelea kuwafundisha kwa miaka ishirini mingine, na baada ya kustaafu mwaka 2018 akaendelea bila kuitwa. Walifika robo fainali mara kadhaa, lakini mara nyingi zaidi walitolewa mapema. Watu walipomsifu kwa ule mwaka mmoja alisikiliza kwa heshima, lakini nyumbani alinung'unika: "Wananiuliza mwaka niliopata. Ile mingine nilikuwa nafanya nini, nalala? Wa mwaka ule walikuwa na mpira wa bahati mwishoni. Wa mwaka uliofuata walifanya kazi ileile, mpira ukagonga chuma ukatoka. Wote ni wangu." Ndiyo maana ukutani pake picha ya mabingwa ilikuwa saizi moja na picha za timu nyingine zote, na imetundikwa kwa zamu yake, katikati ya mstari.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na madaktari wakagundua moyo wake umetanuka. Alikatazwa ngazi, chumvi na hasira. Alisema mbili za kwanza anaziweza. Alihudhuria mazoezi akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, na shemeji yetu, aliyewahi kumtoa nje ya uzio, ndiye aliyekuwa akimbebea kiti na kumwingiza. Desemba iliyopita hali ilibadilika akalazwa.

Katika siku zake za mwisho mabingwa wa mwaka ule walimtembelea wodini. Mnara, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, aliingia akitembea wima. Kisoda, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alimuuliza swali alilokuwa amekaa nalo muda wote huo.

"Mama, siku ile mbona ulinichagua mimi? Nilikuwa nalia."

Dada alivuta pumzi kwanza, maana kuongea kulimpa kazi. "Ulikuwa unalia, lakini kamba za viatu ulikuwa umezikaza. Wenzako wawili waliokuwa wakubwa kuliko wewe walikuwa wakavu wa macho, na viatu wameshavilegeza."

Kisoda alicheka, kisha akatoka nje ya wodi, akakaa huko kidogo.

Dada yetu alifariki dunia Jumanne, tarehe 31 Januari 2023, asubuhi, mumewe akiwa kando yake na mimi nikiwa miguuni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mume, binti na mwana, mkwe mmoja, wajukuu watatu, ndugu wawili, mimi mmojawapo, shangazi yetu mzee aliyeketi hapa mbele, matroni, na wasichana wa miaka thelathini na mitatu ambao hakuna aliyeweza kutupatia idadi yao.

Familia ina ombi moja. Timu ya chuo ina mechi leo alasiri. Chuo kilitaka kuiahirisha kwa heshima ya msiba, lakini marehemu alishaacha neno kwamba mechi haiahirishwi kwa ajili ya mtu asiyecheza. Ndiyo maana mnawaona wale mabinti wamekuja na jezi ndani ya makoti. Wakishaweka udongo, tunaomba tuwapishe njia watangulie kutoka, gari linawasubiri.

Mwenyezi Mungu ampe dada yetu mapumziko ambayo mwenyewe hakuwahi kujipa.