Handaki Limeanguka Jumapili

Jumapili kijiwe chetu hujaa mapema, maana duka la vipuri nyuma yetu limefungwa na kibaraza chote ni chetu. Waya, fundi wa mitandao, alikuwa amevaa shati la pasi, anasubiri muda ufike aende stendi kumpokea mama mkwe. Safari iliyopita kazi ilimzuia, mama wa watu akaiva na jua, na hadi leo mkewe hajamaliza kumsema. Sasa simu yake ikalia, akasoma ujumbe.

— Handaki limeanguka.

— Yesu! Kuna watu ndani? Kinyozi akaruka.

— Handaki la VPN, kaka. Njia ya siri ya mtandao, kutoka makao makuu hadi tawini. Kuna kompyuta pale ofisini, kazi yake kuiuliza faiawoli, yaani mlinzi wa mtandao, kwa lugha yao ya SNMP: handaki liko hai? Limekufa? Sasa hivi imejibiwa limekufa. Lazima niende.

— Na mkwe?

— Ndiyo hapo sasa.

Kamusi, tuliyemwita hivyo kwa kuwa hajawahi kusema “sijui”, akatua kikombe.

— Panya hao. Mchumia juani hulia kivulini.

— Panya wa makao makuu au wa tawini? Waya akamuuliza.

— Wa katikati.

— Mimi nasema faiawoli imechoka, Kinyozi akadakia. Mkeo akikuuliza kutwa nzima “uko hai?”, si ipo siku utanuna? Haba na haba hujaza kibaba.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Kamusi hakupenda.

— Basi niwaambie ukweli. Kuna kampuni nyingine imechimba handaki lake chini ya hilo. Yamegongana. Mafahali wawili hawali chungu kimoja!

— Nakwenda ofisini, Waya akasimama. Mama atanielewa.

— Hakuelewi! tukamjibu kwa pamoja.

Bodaboda ikasimama mbele yetu. Akashuka mama mmoja na begi lake, na Waya akaganda. Sote tukainuka.

— Shikamoo mama. Nilikuwa ndio nakuja…

— Marahaba. Basi limewahi. Nikaona nisikusubiri, nakujua; Jumapili hukosi hapa. Kuna nini tena?

Waya akamweleza yote, na Kamusi akaongezea panya. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Hilo tawi leo wamefungua?

— Hapana mama. Wamefunga tangu jana.

— Sasa nani anataka kupita humo?

Kamusi akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza, na nilifurahi kuwepo. Waya alikuwa anaitazama simu kama mtu aliyefumaniwa. Lile handaki likikosa wa kupita hujizima lenyewe, na Jumatatu mtu wa kwanza akiwasha kompyuta linaamka. Analijua hilo tangu chuoni. Ila kompyuta alikuwa ameiagiza iulize siku zote saba.

Akalitwaa begi, akaliweka begani. Simu ikalia tena mfukoni.

— Hupokei? mama akauliza.

— Ni ile kompyuta ya kazini, mama. Twende, mwanao anakungoja.