Mkuki wa Mlangoni kwa Mwalimu Nestor

Wapendwa waombolezaji, mzee wetu Mwalimu Nestor Kashindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mboko, Kivu ya Kusini, akasoma kwa mapadri mpaka akapata diplome yake mwaka 1979, akafundisha historia mjini Baraka, na katika masomo yote hakupenda lolote kama lile la Wafranki, watu wa kale wa Ulaya, na mkuki wao wenye shingo ndefu ya chuma na miiba kichwani, ambao ukiingia kwenye ngao ya adui hautoki, mpini unaburuta chini, basi Mfranki anaukanyaga na ngao inashuka. Wanafunzi walimwita Mfranki, wala hakukasirika.

Alifunga ndoa na mama Madeleine tarehe 10 Agosti 1985, wakajaliwa Gisèle mwaka 1987 na Bienfait mwaka 1994. Vita ilipofika, mwezi wa kumi 1996, mama alimbeba Bienfait mgongoni, Mwalimu akamshika Gisèle mkono, na katika msukumano wa watu barabarani akauachia mkono ule kidogo tu, ainue mfuko wa vitabu uliokuwa unaanguka, na alipogeuka mtoto hayupo. Tunalisema hapa kwa sababu mwenyewe aliomba lisemwe.

Walifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1997, wakapewa kiwanja kijiji cha Misiera, Mwalimu akajifunza kufua chuma, kazi iliyomtoa kidole gumba cha mguu wa kushoto, na mwaka 1999 akafua springi ya lori kwa kufuata picha ya mkuki wa Wafranki katika kitabu kimoja cha mfuko ule, akaurusha mkuki ule kwenye mwimo wa mlango wake, akamwambia mama kwamba anataka nyumbani kwao kiwepo kitu kimoja kisichoachia. Na kweli haukuachia. Sajini Swaibu wa kambi ya jeshi Mbarara, aliyekuja kununua mapanga, aliuvuta kwa mikono miwili huku akicheka, nyumba ikatikisika, akaondoka hacheki.

Tangu hapo, kila mwezi wa kumi, asubuhi moja mpini ulikutwa umekanyagwa, una alama ya tope, wayo wa mtoto, hata mwaka ule mvua ilipokataa na hapakuwa na tope fasi yoyote. Mwalimu alifurahi sana, akisema Gisèle yuko njiani, akakataa kuhama hata alipoitwa kwenda Kanada mwaka 2009, ila mama Madeleine, jamani, aliupima wayo ule kwa kiganja chake mwaka baada ya mwaka, haukukua.

Mwalimu aliugua kifua Februari 2015, akalazwa Mbarara, akafariki tarehe 9 Oktoba, saa tatu asubuhi. Saa hiyohiyo Bienfait, aliyebaki Misiera kulinda nyumba, alisikia kishindo, akatoka, akakuta mkuki umelala chini, mwimo una tundu, na juu ya mpini nyayo mbili za tope bichi, moja ya mtoto, ya pili ya mtu mzima asiye na kidole gumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Misiera, wafua vyuma wenzake, na Sajini Swaibu aliyetafuta gari la kumleta. Mtaona msalabani majina mawili, ni ombi la mama Madeleine, ambaye leo kwa mara ya kwanza amemlilia binti yake.

Baba Gisèle, umeshaupata ule mkono, usiuachie tena, mlale salama.