Gea ya Kupandia Welezo

Baraza letu lipo Sokomuhogo, kwenye ukuta wa nyumba ambayo wenyewe hawapo, na kila siku baada ya Alasiri Ridhwan, muuza kahawa, huja kutua hapo dele lake. Mwaka ule, elfu mbili na mbili, wa kudumu tulikuwa wanne. Mzee Zahran tukimwita Kepteni, ingawa bahari aliijua kwa feri ya Dar tu. Saud jina lake Redio, maana habari za Kabul alikuwa nazo kabla ya watu wa Kabul. Shaame Spana ni fundi baiskeli, na peke yake kati yetu ndiye aliyekuja barazani na mikono michafu. Wa nne mie, mwenye kazi ya kusikiliza.

Siku hiyo alikuja Talal, jirani yetu, mstaafu wa posta. Si mtu wa baraza. Alisalimia, akakaa ukingoni, akaacha kikombe kipoe.

— Shaame, nataka unitilie gea nyengine.

Baiskeli yake mtaa mzima tuliijua. Ina magurudumu matatu na viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, kila kimoja na pedeli zake, na mpandaji hukaa kama aliyejilaza kwenye kiti cha uvivu, miguu imetangulia. Wazungu wawili waliopanga juu kwake walimwachia walipoondoka. Mkewe, Bi Rawiya, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito. Daktari akasema miguu isiachwe ikakaa bure. Basi kila asubuhi Talal humpakia kiti cha nyuma, wakaenda Forodhani mpaka Mnazi Mmoja na kurudi.

— Iliyopo ina nini? Shaame akauliza.

— Imetukwamisha Welezo. Juzi tulikuwa tunakwenda Uroa, kwa dada yake, Kidawa. Katikati ya mlima miguu ikagoma, yangu na yake. Watu wakatusukuma kama gari bovu. Tangu siku hiyo hataki kutoka.

— Si umtie kwenye gari ya Uroa? alisema Saud. Zipo tele.

— Zipo. Yeye kasema anataka kufika kwa miguu yake.

Kepteni akakohoa.

— Wahenga walishasema, mchumia juani hulia kivulini. Mtu kalala chali kwenye jua, anakanyaga, lazima alie.

— Kepteni, hulia pale ni kula.

— Kula, kulia, yote mdomo ule ule. Mie naona mtie tanga. Upepo wa kaskazi huu, mnafika bila ya jasho.

— Kaskazi inatoka huko huko Uroa, Shaame akamwambia. Itawarejesha Forodhani.

— Basi mashine ya Vespa, akaingia Saud. Au nimesikia redioni, Wachina wana baiskeli ya kutia ufunguo kama saa. Unaikaza usiku, asubuhi inakwenda yenyewe.

— Na ufunguo ukifyatuka?

— Utafika Uroa mapema zaidi.

Tulicheka, Talal hakucheka. Shaame akaweka kikombe chini.

— Sikiliza, Talal. Gea ya mbele yako ina meno hamsini na mbili. Hiyo ya uwanja wa tambarare. Mimi nnayo ya baiskeli ya milimani, meno thelathini. Gea haikuongezei nguvu. Inakukatia mlima vipande vidogo vidogo, ukaumaliza kimoja kimoja. Lakini kuna jambo. Gea nyepesi ina maana miguu izunguke mbio. Pedeli zako na za Bi Rawiya zimefungwa na cheni moja. Ukizungusha wewe, wake unazunguka utake usitake. Mguu ule wa kulia mbio hizo hauziwezi. Utachomoka kwenye pedeli.

— Dawa yake?

— Nimtilie friwili yake mwenyewe, kama ile ya gurudumu la nyuma. Akitaka akanyage, akitaka apumzike, wewe uendelee.

— Hapana, alisema Talal.

Alilisema upesi mno. Ridhwan akaacha kumimina.

— Nikikanyaga mie, nnausikia mguu wake nyuma, Talal akaendelea, sasa polepole. Alipotoka hospitali alikuwa hasemi. Wiki za mwanzo nikiusikia wa kushoto tu. Unakuja, halafu pengo. Unakuja, pengo. Nikajua hilo pengo ndio mguu wa kulia. Halafu siku moja, tunapita Mnazi Mmoja, pengo likajaa. Kidogo tu, kama mtu anagonga mlango na hataki kusumbua. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha. Leo unataka uikate cheni hiyo.



— Bila ya kuikata hafiki, alisema Shaame. Siwezi kukudanganya.

Ridhwan ndiye aliyeuliza, na dele mkononi:

— Bi Rawiya mwenyewe anasemaje?

Talal alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akalisahau. Akainuka, akaenda zake. Kahawa yake ikabaki.

Kesho yake alirudi, hakukaa.

— Kasema ukate. Kasema, akichoka ataniambia kwa mdomo, keshajua kusema.

Shaame alifanya kazi siku nne. Sisi tulimpa mashauri, naye alitupa mgongo. Jumapili, baada ya sala ya Alfajiri, wakaondoka, Shaame nyuma yao na baiskeli yake na spana mfukoni. Habari ya Welezo tumeipata kwake.

— Walipanda kwa mwendo wa kobe, alitusimulia. Bibi mmoja mwenye tenga la mihogo kichwani aliwapita, akawapa pole. Lakini hawakusimama. Chini pale Bi Rawiya alikuwa anakanyaga. Katikati akasema, “Talal, nnapumzika.” Talal akajibu, “Pumzika.” Akavuta peke yake, shingo imemvimba. Mbele kidogo akasema, “Nimerudi.” Ikawa hivyo mpaka juu. Nnapumzika, nimerudi. Mie nyuma nimejifanya natazama cheni.

— Na Talal?

— Juu ya mlima alifuta uso. Akasema jasho.

Uroa walifika karibu na Adhuhuri. Kidawa alikuwa anaanika mwani. Alipoiona ile baiskeli hakuelewa ni kitu gani, mpaka Bi Rawiya alipoteremka mwenyewe, akashika fimbo, akamwendea hatua kumi na mbili. Shaame alizihesabu.

Walikaa siku tatu, wakarudi kwa gari, baiskeli juu. Kufika, Bi Rawiya alikuwa ameshafika. Siku ya pili yake, tumekaa barazani, akapita na fimbo yake, Talal kando. Tukainuka.

— Shikamoo, Bi Rawiya, alisema Saud.

— Marahaba.

Maneno yalimtoka mazito lakini kamili. Alimshukuru Shaame, akatushukuru sote kwa mashauri, hata lile la tanga, maana alikuwa ameambiwa. Kepteni akatazama chini.

— Lakini, Bi Rawiya, akauliza Kepteni, Fumba iko karibu na hakuna mlima. Kwa nini Uroa?

— Talal aliniuliza nataka kwenda wapi. Nikamwambia Uroa.

Akaegemea fimbo, akatutazama mmoja mmoja, bila ya ubaya, kama mwenye kutaka kujua tu.

— Na wake zenu nyinyi, wanataka kwenda wapi?

Saud, anayejua habari za Kabul, akaanza kutafuta kiatu chake chini ya baraza. Kepteni akainua kikombe kitupu, akanywa. Mie nna mke wangu Mize ndani mwaka wa ishirini na sita huu. Najua sukari anayotia kwenye chai, najua bega gani linamuuma mvua zikija. Anakotaka kwenda nilitafuta, nikatafuta. Bi Rawiya alingoja kwa adabu, halafu akatuaga, wakaenda zao taratibu kuelekea Mkunazini.