Saturnini Mrope na Kompyuta ya Mtumba

Ndugu waombolezaji, leo Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2009, tunamzika hapa Nandagala Bwana Saturnini Kornel Mrope, mpiga video wa Nachingwea. Wengi wenu mmo kwenye mikanda yake. Yeye mwenyewe hayumo, kwa kuwa kamera ilikuwa begani kwake. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mpwa wake, Prisca.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Nandagala tarehe 6 Mei 1958, mtoto wa kwanza wa mzee Kornel Mrope na mama Teodosia, wakulima wa korosho na ufuta. Mdogo wake alikuwa mmoja tu, Lusiana, aliyezaliwa mwaka 1965. Bibi Teodosia alisema Lusiana alimfuata kaka yake kila mahali, hata alikofukuzwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1976 alikwenda Mtwara kwa baba yake mdogo, akajifunza kazi ya picha katika studio moja ya mjini, kuanzia kufagia hadi kusafisha picha gizani.

Alirudi mwaka 1984 na kufungua studio yake karibu na soko la Nachingwea. Mwaka 1992 alinunua kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Harusi ya kwanza aliyoipiga video ilikuwa Nanganga, na aliiharibu. Alimpiga bi harusi, bwana harusi, padre, keki na mbuzi, akamsahau mjomba wa bi harusi. Mjomba alikuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini akisubiri kuitwa. Mkanda ulipochezwa mbele ya ukoo, mjomba alitazama mpaka mwisho, akasimama na kusema, "Basi mimi sikumtoa huyu mtoto. Harusi haijafanyika." Hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyofuata bi harusi alivalishwa shela upya, mjomba akamtoa upya, marehemu akapiga upya.

Tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja: aliyekuja shughulini lazima aonekane. Aliunganisha mikanda yake kwa deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, na kila aliyetoka kutunza alibaki mkandani, awe ameleta kitenge au kijiko. Ndiyo maana mikanda yake ilikuwa mirefu kiasi kwamba watu walienda kupika, wakala, wakarudi, na kutunza bado kunaendelea. Sauti yake mwenyewe, ile ya "mama sogea kidogo," aliifunika yote kwa nyimbo za kwaya.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bi Scholastika tarehe 2 Julai 1988. Walijaliwa watoto wawili, Kornel na Dionisia. Mtoto wa tatu waliongezewa na msiba. Tarehe 9 Februari 1994 Lusiana alifariki kwa homa, akiacha binti wa miaka mitatu. Marehemu alimchukua binti huyo siku ya arobaini, na kwa desturi yetu, ambayo mjomba ndiye mlezi wa watoto wa dada yake, hakuna aliyeuliza kwa nini. Binti huyo ndiye Prisca.

Sasa tufike kwenye kompyuta, maana tangu juzi hapa msibani yanasemwa mengi.

Kufikia mwaka 2003 deki zilikuwa zimechoka, na wateja walianza kuulizia mikanda yenye majina yanayopita na maua yanayofunguka. Marehemu alikuwa ameweka akiba ya kompyuta kwa misimu kadhaa ya korosho. Alisafiri hadi Dar es Salaam kuangalia mpya. Muuzaji alikuwa mkweli. Alimwambia kompyuta ile ina nguvu, ina dhamana, na itafanya harusi kwa siku mbili badala ya wiki, ila inapokea kamera za kisasa za mikanda midogo tu. Mikanda mikubwa ya zamani ilihitaji kadi maalumu, ambayo hakuwa nayo. Ingeagizwa nje.

"Itakuja lini?" marehemu aliuliza.

"Mzee wangu, hapo siwezi kukudanganya."

Wakati wa kurudi alizungukia Mtwara, katika studio ile ile aliyojifunzia kazi. Walikuwa wanauza kompyuta yao ya zamani. Haikuwa na mfuniko, iliganda ovyo, nafasi yake ilikuwa ndogo na dhamana haikuwepo. Lakini kadi ya kupokea mikanda mikubwa ilikuwa ndani tayari. Marehemu aliinunua hiyo, akaja nayo Nachingwea imefungwa kwenye godoro la mtoto.

Nyumbani mambo yalichacha. Bi Scholastika alikuwa amewaambia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba inakuja mpya ya boksi. Mtani wetu, Bwana Ashraf, alisimama mlangoni mwa studio akatangaza sokoni kote, "Njooni muone! Mmwera kapata hela, hata kompyuta kanunua iliyokwisha kuvaliwa! Mrope, umeangalia mifukoni? Labda mwenyewe kaacha leso!"

Marehemu alimjibu, "Nenda kazini kwako."

Hakueleza sababu, wala kwa mke wake. Mwaka huo huo Bwana Abdulkarimu, aliyekuwa na studio upande wa pili wa soko, alileta kompyuta mpya. Mikanda yake ilikuwa na maua, mioyo na maharusi wanaopaa. Kabla ya msimu wa korosho uliofuata kwisha, harusi nyingi za Nachingwea na Ruangwa zilikuwa zimehamia kwake. Hilo halikuwa kosa la mtu. Watu walifuata maua.

Sababu ilikuwa mkanda mmoja. Mwezi Oktoba 1993 marehemu alipiga harusi huko Naipingo, na Lusiana alikuwa miongoni mwa wapishi. Picha zake za mnato zipo ukutani hadi leo, lakini akitembea na kusema yumo kwenye mkanda huo peke yake. Mkanda ulikuwa umeingia ukungu. Mkanda wa namna hiyo ukichezwa unaweza kukatika, na deki za marehemu zilikuwa zinatafuna hata mizima. Ilibidi uchezwe mara moja, huku kuna mashine inayoupokea. Ukungu ulikuwa unazidi kila masika, na kadi ya Dar es Salaam haikuwa na tarehe.

Aliijaribu kwanza kompyuta kwa mikanda ya watu mpaka akajua inaganda ikipata joto. Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2003, baada ya misa, alifunga mlango wa studio, akauweka mkanda kwenye ile kamera ya begani, ambayo nayo ilicheza mikanda, akaiunganisha na kompyuta, kisha akamwomba mke wake ashike feni ya mezani aielekeze kwenye tumbo la kompyuta. Bi Scholastika ndiye aliyetusimulia.

"Scho, usitikisike."

"Nimesimama tu, baba Kornel. Unayetetemeka ni wewe."

Mkanda ulicheza kidogo, ukatoa chenga, ukarudi, kisha ukakatika. Kilichopita kilikuwa kimeingia. Bi Scholastika alimtambua wifi yake, akaiweka feni chini na kulia. Hakuitaja tena ile mpya ya boksi.

Mwezi Januari 2005, Prisca alipokuwa anakwenda bweni kuanza kidato cha kwanza, marehemu alimwita studio akamkalisha mbele ya kompyuta hiyo. Kwenye kioo Lusiana anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, khanga kiunoni, moshi machoni. Anageuka na kusema, "Kaka Satu, nenda kampige bi harusi bwana! Mimi nanuka moshi." Sauti ya marehemu inajibu, "Bi harusi atapigwa na wote. Wewe nani atakupiga?" Lusiana anacheka. Hapo ndipo chenga zinapoanza.

Prisca alikuwa anachekwa shuleni kwa sauti nzito kama ya mvulana. Siku hiyo alijua aliitoa wapi. Alimuuliza mjomba kwa nini mkanda huu hakuuwekea kwaya.

"Ningeweka kwaya, mama yako ungemsikia saa ngapi?"

Kompyuta ilizima mwezi Juni 2006 na haikuwaka tena. Waliotabiri walikuja kukumbusha kwamba walisema. Marehemu aliwaambia kazi yake ilikuwa imekwisha, akaendelea na picha za pasipoti. Lusiana alikuwa tayari amehamishiwa kwenye CD, na nakala zipo.

Mwishoni mwa mwaka huo marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari. Kilimpunguza taratibu, na mwaka jana kilichukua macho. Alipenda awekewe ile CD. Hakuona kitu, lakini alikuwa anasema, "Sasa anageuka," na kweli alikuwa anageuka. Figo zilishindwa mwezi Julai. Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 12 Agosti 2009, saa kumi alasiri, mkewe akiwa pembeni.

Familia inawashukuru wote mliofika. Tunamshukuru Bwana Abdulkarimu, anayepiga video ya leo bila malipo, na tunamwomba asimkate mtu. Bwana Ashraf, ambaye tangu jana anazunguka na boksi tupu begani akituambia tusogee kidogo, tumemwelewa. Amelia zaidi ya sisi.

Marehemu ameacha mama yake Teodosia, mjane wake Scholastika, watoto wawili, Kornel na Dionisia, na mpwa mmoja. Mpwa huyo alimpenda sana mjomba wake na anamhitaji bado. Sauti nzito mliyoisikia ikisoma hapa ni ya Lusiana. Marehemu ndiye aliyeitunza.

Kaburi limechimbwa kando ya dada yake. Wapumzike kwa amani wote wawili.