Kikohozi cha Dereva Wetu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, dereva wa Kamati ya Hazina Hai anarudisha funguo za gari baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kwa wasiotufahamu, sisi ndio tunaozunguka kuwatafuta mafundi na wasanii wa asili, wafinyanzi, wahunzi, wapiga zeze, ili waandikwe kwenye daftari la taifa wangali hai. Wangali hai, nasisitiza. Marehemu haandikwi.

Alianza kazi akiwa na nywele nyingi na shati moja. Leo mashati yameongezeka, nywele tusizizungumzie. Gari ni lile lile. Mlango wake wa nyuma humtii yeye peke yake. Sisi wengine tukijaribu tunabaki na kitasa mkononi. Wajumbe wamebadilika mara saba, yeye yupo, na ndiye anayejua nani ana mbwa mkali na nani hapokei wageni kabla hajanywa chai.

Lakini kilichompa jina hapa ofisini ni kikohozi. Kanuni hazimruhusu dereva kusema neno wakati wa ukaguzi, kwa hiyo yeye husimama mlangoni, kimya, na funguo zake. Siku moja mjumbe wetu mmoja, msomi kwelikweli, alikuwa akimwagia kikapu sifa mpaka miwani ikamteleza puani. Mlangoni tukasikia kho, kho. Mwenyekiti akakigeuza kikapu. Kitako kilikuwa kimeunganishwa kwa gundi, na pembeni kibandiko cha dukani kilikuwa bado hakijabanduliwa vizuri. Loo, aibu iliyoje! Tangu hapo hakuna kazi iliyopita bila mwenyekiti kutupia jicho mlangoni kwanza. Tukambatiza Kikohozi, na kwa miaka ishirini na ushei hajawahi kukohoa bure.

Ujuzi huo hakuuokota barabarani. Mama yake alikuwa msukaji wa vikapu, tena vya kubana hasa: ukimimina maji ndani, hayavuji hata tone. Ninacho kimoja hapa mezani, Kikohozi aliniletea mwaka nilioajiriwa. Nimekiwekea kalamu. Wageni wakiniuliza kimetoka wapi, huwajibu harakaharaka kwamba ni cha mama wa dereva, kisha naendelea na kazi yangu ya kutafuta hazina za taifa. Jamani!

Mama huyo hakuweza kuandikwa. Ni kanuni tena: ndugu wa mtumishi hapendekezwi mpaka mtumishi mwenyewe aondoke kazini. Si kanuni mbaya, imetuepusha na mashangazi wengi wa wakubwa. Kikohozi hakuwahi kulalamika. Aliwaendesha mama za watu hadi ukumbini kuandikwa, akawashika mkono kwenye ngazi, akarudi kusubiri garini.

Mwaka jana, mwezi wa tano, aliniletea barua ya kuomba kustaafu mapema. Mimi ndiye katibu wa kamati, barua kama hizo hupitia kwangu. Alinieleza waziwazi kwamba mama amefikisha miaka themanini na sita, vidole vimeanza kukaza, afadhali yeye aondoke kazini ili tuweze kufika kwa mama. Nikamsihi abaki. Nilimwambia mama bado ana nguvu, si juzi tu alimtimua fundi bomba kwa kuingia na viatu ndani? Nikasema hatuna mwingine anayezijua njia, avumilie mwaka mmoja tu, na siku atakayoondoka jina la mama ndilo litakalotangulia kwenye orodha. Niliahidi kwa moyo mweupe. Akakohoa. Na mimi, niliyekijua kikohozi kile miaka yote hiyo, nikainuka nikammiminia maji ya kunywa.

Akanywa, akashukuru, akairudisha barua mfukoni. Mama alifariki mwezi wa pili mwaka huu, akaacha kikapu nusu. Fomu yake niliyokwisha kuijaza, yenye tarehe 1 Julai, ipo kwenye droo yangu. Haina pa kwenda.

Kaka, niliombwa wasifu wa kuchangamsha, nimejaribu nikashindwa. Nisamehe. Kalamu nimezitoa, kikapu nimekifuta vumbi, na Ijumaa kitakaa meza ya mbele kikiwa kimejaa maji, watu wajionee. Pendekezo la kuibadilisha kanuni nimeshalipeleka. Litawafaa mama za wengine, najua, wako halimrudishi.

Asante kwa kila safari uliyotufikisha salama. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, tuachie sisi ule mlango wa nyuma. Tunakutakia afya na siku njema nyingi. Na ukipita hapa ofisini ukakohoa, hakuna atakayekuletea maji. Tutanyamaza wote, tukuulize umeona nini.