Dawa ya Kichocho Niliyoimeza Nikiwa Kwenye Mfungo

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, sijashikwa na mtu, na sauti mnaisikia. Haleluya!

Mnanifahamu. Mimi ni mzee wa kanisa hili hapa Ukerewe, na kwa miaka mingi kazi ya kuandaa ubatizo ziwani imekuwa yangu. Ni mimi niliyechagua ile ghuba ndogo yenye matete. Maji yametulia, na matete yanawasitiri akina mama wanapobadili nguo. Nilikuwa natangulia, nafyeka njia, kisha nasimama maji ya kiunoni mpaka mtu wa mwisho abatizwe. Nilipapenda mahali pale kama madhabahu!

Sasa yapo mambo ambayo mzee hayasemi hadharani, lakini leo nitayasema. Nilikuwa naharisha damu. Si siku moja, ni miaka! Tumbo likajaa, mikono ikakonda. Mke wangu akaniuliza, "Baba Yohana, suruali zote zinakubana, unakula kwa nani?" Nikamjibu kwamba ni baraka za Bwana. Kumbe nilikuwa naogopa.

Ndipo Mama Kulwa, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, huyu mnayemwona pale kwenye kwaya, akaomba nafasi wakati wa matangazo. Akasema kichocho kipo pale ghubani. Tukijisaidia vichakani, mvua inabeba kinyesi hadi ziwani. Vijidudu vinaingia kwenye konokono wa kwenye matete, vinakua, vinatoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Nikamkatiza mbele yenu wote! Nikasema, "Mama Kulwa, konokono naye ameumbwa na Mungu. Atawadhuruje watu wa Mungu?" Mkacheka. Naye akacheka, kisha akasema, "Shikamoo mzee wangu. Konokono haulizi nani ameokoka."

Siku chache baadaye wagawa dawa wakaja kijijini na vidonge vya kichocho. Nikasema nitameza, nisionekane mbishi. Mama Kulwa alikuwa ametangaza kijiji kizima kwamba kila mtu ale kwanza. Lakini mimi nilikuwa siku ya pili ya mfungo wa kuandaa ubatizo, na nilifundishwa tangu ujana kwamba anayefunga hajitangazi. Nikanyamaza, nikameza vidonge vyote tumbo likiwa tupu. Ndugu zangu! Kizunguzungu, jasho, kutapika! Dawa yote ikatoka. Jumapili nikasimama hapa hapa nikawaambia, "Dawa hii inapigana na mfungo. Msiiguse." Nanyi mkanitii. Walipokuja tena mwaka uliofuata, nyumba nyingi za kanisa hili zilifunga milango. Hilo ndilo linaloniliza mpaka leo.

Asubuhi ya ubatizo mmoja, kabla sijatoka nyumbani, nikatapika damu. Beseni zima! Walinibeba hadi Nansio, tukapanda kivuko kwenda Mwanza, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya mke wangu. Kule hospitalini nikaongezewa damu, wakaniziba mshipa uliopasuka ndani, chini ya koo. Daktari akasema, "Babu, hiki ni kichocho cha miaka mingi. Kimekula ini." Nikamwambia mbona dawa nilimeza. Akauliza, "Ulikula nini kabla?"

Ndugu zangu, nililala pale nikimwomba Mungu uhai, na kila nikifumba macho nawaona ninyi. Mmoja mmoja! Wale niliowaingiza kwenye matete, kisha nikawakataza dawa. Nikasema, "Bwana, ukiniinua, nitakiri mbele yao." Akaniinua! Nikala ugali na sato, nikameza dawa, na safari hii ikatulia tumboni. Ini halijapona lote, kliniki bado naenda, lakini niko hai!

Niliporudi, kabla ya kwenda popote, nilikwenda kwa Mama Kulwa kuomba msamaha. Nilimkuta anaosha vyombo. Akasema, "Nimekusamehe, mzee. Sasa niongezee dakika za matangazo!" Tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Siku hizi tunabatiza kwenye tangi tulilojenga nyuma ya kanisa. Maji tunayafunika, konokono wasiingie, na kuyaacha zaidi ya siku mbili, maana vijidudu vile haviishi muda mrefu bila mtu wa kumwingia. Baba yangu mdogo alinuna: "Mtatubatiza kwenye sufuria?" Alipoona wajukuu wanatoka wakiimba, akaimba nao. Vyoo navyo vinachimbwa. Ambaye bado hajachimba, jembe langu aje kuliazima.

Sasa nasema na wewe ambaye ulifunga mlango kwa sababu yangu. Neno lile halikutoka kwa Bwana. Lilitoka kwangu, mtu mwenye njaa aliyeona aibu kusema amefunga. Nisamehe! Mungu wetu anaponya kwa maombi, na anaponya kwa mkono wa Mama Kulwa, na yote ni yake. Wagawa dawa wako hapo nje. Akina mama wamepika uji, sufuria mbili. Toka, kunywa uji kwanza, ushibe, kisha umeze. Na kama leo umefunga, njoo uninong'oneze. Mfungo utaendelea kesho, na Bwana hatakuhesabia kikombe cha uji. Asifiwe yeye aliyetuacha hai tukasikia! Amina, twendeni nje.